Bei ya Mashine Siyo Bei ya Umeme



Mwezi uliopita mzee mmoja wa Gatuanyaga alifika ofisini kwetu na bahasha iliyojaa karatasi. Aliifungua akamimina mezani risiti zote za petroli aliyonunua kwa kumwagilia nyanya zake, tangu siku ya kupanda hadi kuvuna. Akaniambia, "Mwalimu, najua siku hizi wewe ni karani, lakini hesabu hujaisahau. Nijumlishie hizi."

Nilizijumlisha mara mbili, maana mara ya kwanza sikuamini. Petroli ya msimu ule mmoja ilikuwa imezidi bei ya pampu yenyewe. Nyanya zake zilikuwa nzuri, na soko la Thika lilizipokea. Lakini karo ya mtoto wake aliye kidato cha pili ilikuwa imepita katika bomba la moshi la ile pampu, ambayo siku ya kuinunua majirani walimsifu kwamba amepata kitu rahisi.

Ndipo akaniuliza: "Jirani yangu ametia sola. Mwingine aniambia nivute stima. Kijana wa dukani mjini asema nichukue jenereta ya dizeli. Nani kati yao asema kweli?"

Nilimjibu, "Mzee, wote watatu waweza kuwa na haki, na wote watatu waweza kukupoteza, kwa sababu hakuna hata mmoja aliyekuuliza kwanza: umeme huu ni wa kazi gani, na utautumia siku ngapi kwa mwaka?"

Kwa kuwa swali la mzee huyu ni la wengi, mwezi huu nitalieleza hapa. Chukua kalamu na daftari la mtoto, tufanye hesabu pamoja.

YUNITI NI NINI

Maziwa huuzwa kwa lita, na umeme huuzwa kwa yuniti. Yuniti 1 ni kazi ya mashine ya wati 1,000, yaani kilowati 1, ikienda kwa saa 1. Pasi ya wati 1,000 itakula yuniti moja kwa saa moja. Balbu ndogo ya kisasa ya wati 5 itawaka saa 200 kwa yuniti hiyo hiyo.

Usichanganye wati na yuniti. Wati ni ukubwa wa mashine, na yuniti ni kazi iliyofanyika. Jembe kubwa lililolala ghalani halijalima hata mstari mmoja. Kwa hiyo mtu akikuambia, "Mashine hii ni ya kilowati 5," bado hajakuambia itakupa yuniti ngapi kwa mwaka, wala kila yuniti itakugharimu nini. Hayo mawili ndiyo unayopaswa kuyajua.

UFANISI, NA JINSI UNAVYODANGANYA

Hakuna mashine inayogeuza nguvu yote iliyoipokea kuwa umeme. Sehemu hupotea, na ile inayobaki na kufanya kazi ndiyo twaiita ufanisi wa mashine.

Lita moja ya dizeli ina joto la yuniti kama 10. Jenereta ndogo ya shambani itakupa yuniti 2 au 3 tu katika hizo, na zilizobaki hutoka zikiwa joto na moshi. Injini kubwa za mitambo ya mafuta hufanya vizuri zaidi, huweza kupita 40 katika kila 100. Magurudumu yanayozungushwa na maji hufika 90 katika 100. Mashine ya upepo haiwezi kamwe kupita 59 katika 100, na nyingi hupata kati ya 35 na 45. Paneli za sola hugeuza kama 20 tu katika 100 za nguvu ya jua linalozipiga. Mitambo ya mvuke wa ardhini, kama ile ya Olkaria, hupata kama 10 hadi 15 katika 100 za joto linalopanda kutoka chini.

Mtu akisoma orodha hii kwa haraka atasema sola na mvuke wa ardhini ni vibaya kabisa. Hapo ndipo ufanisi unapodanganya. Uliza kwanza: ile sehemu inayopotea, nani anailipia? Jua lililopotea juu ya paneli halina risiti. Dizeli iliyopotea katika moshi umeilipa kwa fedha taslimu.

Ni kama mifugo yako. Ng'ombe wa zizini anayekula chakula cha dukani hapana budi apimwe, kila kilo ya chakula ilete maziwa kiasi gani. Lakini kuku anayejitafutia uani humwulizi amepoteza punje ngapi. Vivyo hivyo na umeme. Pale unaponunua mafuta, ufanisi ni jambo la kwanza. Pale ambapo nguvu yaja bure, kwa jua, maji au upepo, uliza bei ya mashine, itaishi miaka mingapi, na kwa siku itafanya kazi saa ngapi.

TAZAMA NCHI INAVYOFANYA

Hesabu hii ya mkulima ni ile ile ya nchi nzima, na mfano wake uko hapa kwetu.

Mto Thika, upitao karibu nasi, ulianza kuzungusha mitambo zamani. Mtambo wa Ndula ulijengwa mwaka 1925, nao ulikuwa wa megawati 2 tu. Megawati moja ni kilowati 1,000. Siku hizi Ndula hauhesabiwi tena kati ya mitambo inayotegemewa, lakini maji yale yale hushuka hadi bwawa la Masinga katika Mto Tana. Hapo huzungusha mitambo, kisha hutelemka hadi Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, na kila mahali hufanya kazi tena. Kindaruma ndiyo iliyotangulia, mwaka 1968. Masinga ilimalizika 1981 na Kiambere 1988. Kujenga mabwawa haya kuligharimu fedha nyingi sana, lakini yakisha kujengwa hayanunuliwi mafuta, nayo huishi miaka mingi. Ndiyo sababu umeme wa maji ya zamani ni kati ya umeme rahisi tulio nao.

Kasoro yake twaijua sisi wakulima kuliko mtu yeyote: mvua. Katika ukame wa 1999 na 2000 maji yalipungua hata umeme ukagawanywa kwa zamu, na mwezi Juni 2009 mitambo ya Masinga ilisimamishwa kwa kukosa maji.

Kwa hiyo nchi ilitafuta nguvu isiyongoja mvua. Kule Olkaria, karibu na Naivasha, mtambo wa kwanza wa mvuke wa ardhini ulianza 1981 ukiwa wa megawati 15. Leo karibu yuniti 40 katika kila 100 za umeme wa Kenya zatoka katika mvuke huo. Kuchimba kisima kimoja cha mvuke, kwenda chini kilomita 2 au 3, kwagharimu mamia ya milioni ya shilingi, na visima vingine hutoka dhaifu. Lakini kikifaulu hutoa usiku na mchana, masika na kiangazi. Ufanisi wake ni mdogo, lakini yuniti zake ni nyingi, nayo hesabu yafaa.

Upepo nao umeingia. Karibu na Ziwa Turkana kuna mashine 365, kila moja kilowati 850, jumla yake megawati 310. Zilikuwa tayari mwaka 2017, lakini hazikuleta kitu hadi Septemba 2018, maana waya wa kuuchukua umeme hadi Suswa, zaidi ya kilomita 400, ulikuwa haujaisha. Weka jambo hilo moyoni: umeme ulio mbali na mtumiaji si umeme bado. Tutalirudia tukifika kwenye nguzo zako.

Ukifuata barabara yetu ya Garissa hadi mwisho wake utakuta paneli za jua za megawati 50, zilizofunguliwa rasmi mwaka 2019. Hizo hazina mafuta wala moshi, lakini jua likizama nazo hulala.

Na hapa Thika kuna mtambo wa megawati 87 unaochoma mafuta mazito, uliojengwa kati ya 2012 na 2014. Ni mtambo wa ufanisi mzuri kwa aina yake, hata joto la moshi wa injini huchemsha maji, na mvuke wake huzungusha mtambo mwingine. Hata hivyo yuniti zake ni ghali kuliko za Masinga na Olkaria, kwa kuwa kila yuniti imenunuliwa mafuta.

Je, mbona basi nchi imeuweka? Kwa sababu saa moja usiku hadi saa tatu kila nyumba huwasha taa, na jua limekwisha zama. Na kwa sababu mwaka wa ukame waja. Mtambo wa mafuta hujengwa haraka na kwa bei ndogo kuliko bwawa, nao huitika mara moja ukiitwa. Mwenye mtambo hulipwa kwa kukaa tayari, na mafuta hulipwa unapofanya kazi. Tazama hati yako ya stima, au ujumbe wa tokeni: kuna mstari wa gharama ya mafuta. Mitambo ya mafuta ikifanya kazi sana, mstari ule hunenepa.

Basi nchi imeigawa kazi hivi: kazi ya kila siku hupewa mashine ambayo ni ghali kununua na rahisi kutumia. Kazi ya dharura hupewa mashine ambayo ni rahisi kununua na ghali kutumia. Kosa la mzee wetu lilikuwa kumpa mtu wa dharura kazi ya kila siku.

HESABU YA MAJI YA SHAMBA

Sasa tuje kwenye ekari yako. Ekari moja ya mboga wakati wa jua huhitaji maji kama lita 20,000 kwa siku. Tuseme wayapandisha kutoka mtoni hadi tangi lililo juu kwa kimo cha mita 30. Kazi halisi ya kuinua maji hayo ni yuniti 1.6 tu. Lakini pampu, mota na msuguano wa mabomba hula zaidi ya nusu ya nguvu, kwa hiyo andika yuniti 4 kwa siku. Pampu ndogo ya petroli, ambayo hupoteza zaidi, itakunywa kama lita 2.

Tuseme wamwagilia siku 180 kwa mwaka. Maji yote yatakuwa lita milioni 3 na laki 6. Bei ninazotia hapa chini ni za mfano. Wewe futa zangu, utie zako ulizoambiwa dukani mwezi huu.

Pampu ya petroli
Fedha za siku ya kwanza: Sh. 25,000
Petroli, lita 2 kwa siku 180, kila lita Sh. 180: Sh. 64,800
Sehemu ya bei ya pampu, ikiishi miaka 5: Sh. 5,000
Oili na matengenezo: Sh. 6,000
Jumla kwa mwaka: Sh. 75,800
Kila lita 1,000 za maji: Sh. 21

Pampu ya stima, waya ukiwa umekwisha fika
Fedha za siku ya kwanza: Sh. 40,000
Umeme, yuniti 4 kwa siku 180, kila yuniti Sh. 30: Sh. 21,600
Sehemu ya bei ya pampu, ikiishi miaka 8: Sh. 5,000
Matengenezo: Sh. 2,000
Jumla kwa mwaka: Sh. 28,600
Kila lita 1,000 za maji: Sh. 8

Pampu ya sola, paneli za wati 1,200, bila betri
Fedha za siku ya kwanza: Sh. 202,000
Paneli na fremu, Sh. 90,000 kwa miaka 20: Sh. 4,500
Pampu na kifaa chake cha kuiongoza, Sh. 112,000 kwa miaka 8: Sh. 14,000
Matengenezo: Sh. 3,500
Jumla kwa mwaka: Sh. 22,000
Kila lita 1,000 za maji: Sh. 6

Tazama sasa. Kile kilichokuwa rahisi kuliko vyote siku ya kwanza ndicho ghali kuliko vyote mwisho wa mwaka. Na kile kilichotutisha dukani kimekuwa rahisi kuliko vyote.

Lakini usikimbie dukani bado. Kuna mambo matatu yanayogeuza hesabu hii.

La kwanza ni riba. Ukinunua sola kwa mkopo, tuseme riba ikawa wastani wa Sh. 12,000 kwa mwaka, jumla yake itakuwa Sh. 34,000, na kila lita 1,000 zitakugharimu zaidi ya Sh. 9. Stima iliyo karibu sasa imeishinda sola. Mwuzaji akikuambia "lipa pole pole", mwulize jumla ya malipo yote hadi mwisho, aiandike kwenye karatasi.

La pili ni umbali. Ukiambiwa ulipe Sh. 300,000 za nguzo na waya, zigawe kwa miaka 20: ni Sh. 15,000 kila mwaka, na maji ya stima yatapanda kutoka Sh. 8 hadi Sh. 12. Mwaka 2015 serikali ilipoanzisha mpango wa kufikisha umeme vijijini, ada ilishushwa kutoka Sh. 35,000 hadi Sh. 15,000 kwa walio ndani ya mita 600 kutoka kwenye transfoma. Hiyo yaonyesha jinsi umbali ulivyo na maana. Pima kwa hatua kabla ya kuomba, kisha uulize ofisi ya Kenya Power masharti ya sasa. Majirani watatu wakiomba pamoja, gharama ya njia hugawanyika.

La tatu, na ndilo kubwa, ni siku za kazi. Tuseme wewe hulimi mboga mwaka mzima, wataka tu kuokoa mahindi mvua ikikatika, siku 40 kwa mwaka. Petroli itakuwa Sh. 14,400. Ongeza Sh. 5,000 za pampu na Sh. 1,600 za matengenezo, jumla ni Sh. 21,000, yaani Sh. 26 kwa kila lita 1,000. Lakini sola ya mkopo itakudai zile zile Sh. 34,000, utumie usitumie, na sasa kila lita 1,000 ni zaidi ya Sh. 42. Kwa mkulima huyu, pampu ya petroli ndiyo yenye akili, na sola itamfilisi. Mashine ni zile zile, lakini jibu limegeuka.

Jambo moja zaidi juu ya maji. Yuniti iliyo rahisi kuliko zote ni ile usiyoihitaji. Mipira ya matone, matandazo ya nyasi shambani, na bomba lisilovuja hupunguza maji unayopandisha, na umeme hupungua pamoja nayo. Anza hapo kabla ya kununua mashine kubwa.

TANGI NI BETRI YA MKULIMA

Mtu atauliza: na usiku je, sola haitoi kitu? Kweli. Lakini maji yaweza kungoja. Pandisha maji mchana jua likiwaka, yahifadhi tangini, na jioni fungua koki yateremke yenyewe. Tangi la plastiki halina yuniti ndani yake, lakini lina kazi iliyokwisha fanywa.

Betri hasa ni kitu ghali. Betri za risasi na asidi huishi miaka 3 hadi 5 kwa kawaida, na hufa mapema zikizoea kuisha kabisa. Zile za lithiamu huishi kama miaka 10, lakini bei yake ni juu zaidi. Kwa hiyo usinunue betri kwa kazi inayoweza kufanywa mchana. Iweke kwa taa na simu.

TAA ZA NYUMBANI

Hapa makosa ni mengi kuliko mahali pengine. Taa nne za wati 5, zikiwaka saa 4, hula wati 80 za saa, yaani chini ya sehemu moja ya kumi ya yuniti. Jenereta ndogo ya petroli hunywa kama nusu lita kwa saa hata ikibebeshwa taa hizo nne tu. Kwa saa 4 ni lita 2, yaani Sh. 360 kwa bei yetu ya mfano. Piga hesabu: kwa njia hiyo yuniti moja imekugharimu Sh. 4,500! Ni kama kukodi lori kwenda kuleta kibiriti.

Kazi ndogo yataka mashine ndogo. Paneli ya wati 40 na betri yake ndogo yatosha taa hizo na simu za nyumba. Ikiwa nguzo ya stima iko karibu na mlango wako, stima ni rahisi zaidi, na itakusaidia hata kwa mashine ya kukata majani ya ng'ombe. Mota ya kilowati 2 ikienda nusu saa kwa siku hula yuniti 1 tu. Kazi kama hiyo, inayotaka nguvu nyingi kwa muda mfupi, stima ya gridi huiweza vizuri kuliko sola ndogo.

GESI YA SAMADI, UPEPO NA VIJITO

Wengine wameniuliza kama gesi ya samadi yaweza kuzungusha jenereta. Yaweza. Ng'ombe mmoja wa zizini hutoa samadi kama kilo 25 kwa siku, nayo huleta gesi kama mita 1 ya ujazo, yenye joto la yuniti kama 6. Lakini ukiipitisha katika injini ndogo utapata umeme wa yuniti moja na nusu tu. Ukiichoma jikoni, sehemu kubwa zaidi ya joto lake huingia katika sufuria. Kwa hiyo pikia gesi, uokoe kuni na makaa, na maji ya samadi yanayotoka yarudishe shambani.

Upepo twauona ukitikisa miti upande wa Kilimambogo, na mtu hutamani kuutumia. Fahamu kwamba upepo ukipungua mwendo kwa nusu, nguvu yake haipungui kwa nusu, hubaki sehemu moja ya nane. Upepo unaotosha kupepeta maharagwe hautoshi kuzungusha mashine ya umeme.

Kijito chenye maporomoko ni kitu kingine. Lita 10 kwa sekunde zikianguka mita 5 zaweza kutoa kama wati 250 tu, lakini usiku na mchana, yaani yuniti 6 kwa siku. Hiyo yashinda paneli zetu za wati 1,200. Lakini vijito vya namna hiyo ni vichache hapa kwetu, navyo ni mali ya watu wote. Hapana budi kupata kibali.

MAONYO

1. Kabla ya kutia pampu mtoni, omba kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Pampu yako isikaushe shamba la jirani wa chini.
2. Fundi wa sola awe na leseni ya EPRA. Mwombe akuonyeshe, na dhamana iandikwe kwenye risiti.
3. Paneli zisiwekwe penye kivuli. Tawi moja la mwembe juu ya kona ya paneli laweza kupunguza umeme wake sana. Futa vumbi kila baada ya wiki chache.
4. Usiwashe jenereta ndani ya nyumba wala ghalani. Moshi wake una gesi inayoua bila kunuka.
5. Usiunganishe jenereta na nyaya za nyumba zilizo kwenye stima bila swichi ya kubadilisha iliyotiwa na fundi. Umeme wako waweza kurudi kwenye waya mkubwa na kumwua mtu anayeutengeneza.

MASWALI YA KUJIBU KABLA YA KWENDA DUKANI

Andika haya katika daftari: Kazi ni gani? Yataka yuniti ngapi kwa siku? Siku ngapi kwa mwaka? Je, yaweza kufanywa mchana? Nguzo ya stima iko hatua ngapi kutoka kwangu? Mashine itaishi miaka mingapi? Fedha ni zangu au ni za mkopo? Ukisha kuyajibu, gawanya gharama zote za mwaka kwa kazi yote ya mwaka. Jibu lililo dogo ndilo lako, hata kama jirani yako ana lingine.

Yule mzee wa bahasha alirudi nyumbani akafanya hivyo. Alikuta hutumia pampu zaidi ya siku 170 kwa mwaka, na nguzo iko mbali na mto. Ameamua kutia sola kwa maji, lakini hataki mkopo. Yuko katika chama cha akiba na majirani zake, na amekwisha weka karibu nusu ya fedha. Msimu huu analima nusu ekari tu, kwa mipira ya matone, ili petroli isimle tena.

Nilimwuliza kama ataiuza ile pampu ya petroli. Akacheka. "Mwezi wa saba mawingu hukaa wiki nzima bila jua," alisema. "Sola itapunguza maji, na pampu yangu itakuwa pale. Lakini sasa itakuwa kama ule mtambo wa Thika: itakaa kando, niiite siku ya shida."

Sikuwa na la kumwongezea, ila methali ambayo kila mtoto wa shule amewahi kuiandika: mali bila daftari hupotea bila habari. Karo ya kidato cha tatu, aliniambia, ameiandika katika ukurasa wa kwanza.